Kinyago cha Mzee na Bei ya Kwenye Televisheni

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tumeketi katika hoteli ndogo mtaani Kakoba, mjini Mbarara, tukinywa chai ya maziwa na kusubiri teksi ijae abiria wa kwenda Nakivale. Juu ya kabati la soda imetundikwa televisheni ambayo haizimwi tangu alfajiri mpaka wahudumu wanapofunga milango. Asubuhi ile ilikuwa ikionyesha duka moja la rehani la mji wa Las Vegas, Marekani. Mteja ameleta bastola ya zamani, mwenye duka anaikunjia uso, anaitwa mtaalamu mwenye miwani, mtaalamu anaigeuza mara mbili tatu, kisha anataja bei. Hapo ndipo hoteli nzima ililipuka kwa kelele. Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa amekisia dola elfu mbili alidai alipwe chai yake na wenzake, kwa kuwa mtaalamu naye alikuwa ametaja kiasi hicho hicho.

Meza ya pembeni waliketi mzee mmoja na kijana wa miaka kama ishirini, ambao hawakucheka. Kijana alikuwa akiitazama televisheni kama mtu anayesoma barua yake mwenyewe. Kati ya miguu yake aliweka mfuko wa turubai, na kila mara mkono wake ulipoushukia mfuko huo, mzee aliugusa mkono ule kwa fimbo, polepole, pasipo kusema neno.

Kakoba ni mtaa ambao Kiswahili hakikosi msemaji, na mazungumzo huanza kwa urahisi. Mzee alitueleza kwamba wao ni Walega, wametoka Mwenga katika Kivu ya Kusini, na kwamba sasa ni miaka mingi wako Nakivale, katika makazi yale ya wakimbizi yaliyoanza tangu mwisho wa miaka ya 1950 wakati wa kuja kwa Wanyarwanda, na ambayo leo yana Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na wengineo. Kijana ni mjukuu wake. Amemaliza kidato cha sita na amepata nafasi ya kuendelea na masomo, lakini nafasi bila karo, kama alivyosema mwenyewe, ni sawa na mlango uliochorwa ukutani.

Ndani ya mfuko, ndani ya kitambaa, ndani ya kitambaa kingine, mlikuwamo kinyago kidogo cha mti, kisichozidi kiganja cha mkono. Kilikuwa na uso wenye umbo la moyo, uliopakwa udongo mweupe ambao umeanza kumomonyoka, na ndevu ndefu za nyuzi. Wiki moja kabla ya hapo, mchuuzi mmoja wa vitu vya watalii alikuwa amekitolea shilingi 150,000 za Uganda. Kijana naye alikuwa amekwisha kuona katika simu kipande cha programu ya ng'ambo, ambamo mtaalamu mwenye tai alikigeuza kinyago kilichofanana sana na hiki, na chini ya kioo zikajitokeza tarakimu za dola maelfu kadhaa. Kwa hiyo mchuuzi, machoni pa kijana, ni mwizi. Na babu, anayekataa kuuza kwa bei yoyote ile, ni mtu asiyejua kwamba dunia imebadilika.

"Ndugu zangu," alituambia kijana, "nyinyi mnaandika magazeti. Mwelezeni babu kwamba yule wa kwenye televisheni ni mtaalamu. Amesoma. Hawezi kusema uongo mbele ya watu wote."

Hatukuwa na jibu la papo hapo. Tuliahidi kulichunguza jambo hili na kuwafuata Nakivale baada ya wiki mbili, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Programu za namna hii si changa. Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, lilianza kuonyesha yake mwaka 1979: wananchi wanapanga foleni katika uwanja wa jumba fulani la kale, kila mmoja na chombo cha nyanyake, nao wataalamu wakiwa mezani huwaeleza asili yake na bei yake. Wamarekani waliiga mwaka 1997 kwa jina lile lile, Antiques Roadshow. Duka la rehani la Las Vegas, lililokuwa likionyeshwa pale Kakoba, lilianza kuingia katika televisheni mwaka 2009. Katika siku moja ya upigaji picha ya programu ya Kimarekani huja watu maelfu, na wanaofika mbele ya kamera ni wachache sana. Mtazamaji hawaoni wale waliorudi nyumbani na birika lisilo na thamani. Huona tu lile birika lililogeuka dhahabu, na kwa sababu hiyo huanza kulitazama birika lake mwenyewe kwa jicho lingine.

Je, wataalamu hawa hukosea? Naam, hukosea, na mara nyingine hukosea mbele ya halaiki ya watu. Mwaka 2015, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington, mtu mmoja alileta mtungi wa udongo wenye nyuso za kutisha zilizofinyangwa pande zote. Alikuwa ameununua kwa dola 300 katika uuzaji wa vitu vya marehemu. Mtaalamu, Stephen Fletcher, mtu mwenye sifa katika kazi hiyo, aliutazama na kusema ni kazi ya mwisho wa karne ya kumi na tisa au mwanzo wa karne ya ishirini, na kwamba thamani yake ni kati ya dola 30,000 na 50,000. Programu ikaonyeshwa Januari 2016. Haukupita muda, rafiki wa mwanamke mmoja wa jimbo la Oregon akaona picha ya mtungi ule na kuutambua. Mwanamke yule alikuwa ameufinyanga kwa mikono yake mwenyewe akiwa mwanafunzi wa sekondari, mwaka 1973 au 1974, katika somo la ufinyanzi. Wenye programu wakatangaza masahihisho, na bei mpya ikawa dola 3,000 hadi 5,000.

Hapa tungeomba msomaji asicheke haraka. Mtungi haukubadilika hata chembe. Nyuso zile zilikuwa za kutisha vile vile, udongo ulikuwa ule ule, na mikono iliyoufinyanga ilikuwa na ufundi ule ule. Kilichoondoka ni hadithi tu, na hadithi hiyo ilipoondoka iliondoka na sehemu tisa katika kumi za bei. Jambo hili tulilikumbuka sana tulipokuwa tukirudi kwa mzee.

Kisa cha Waingereza ni cha kuchekesha zaidi. Mwaka 2016 mtaalamu wao wa vioo, Andy McConnell, aliletewa chupa kuukuu iliyokuwa imezikwa chini ya kizingiti cha nyumba, nayo ikiwa bado ina majimaji ndani. Alichukua sindano, akavuta kidogo, akaonja mbele ya kamera, akadhani ni mvinyo wa zamani. Chupa ikapelekwa kupimwa. Mwaka 2019 akarudishwa mbele ya watazamaji kuelezwa majibu ya maabara: ndani mlikuwa na mkojo, pini za shaba na unywele wa binadamu. Ilikuwa ni kinga ya uchawi, iliyozikwa mlangoni na Waingereza wa karne ya kumi na tisa kuzuia watu wabaya wasiingie. Mzee yeyote wa Mwenga, au wa Ankole, au wa Tanga, akiambiwa kwamba chupa imefukuliwa chini ya kizingiti, asingeitia mdomoni. Mtaalamu alijua vioo, na vioo hakuvikosea. Alikosea pale alipotoka nje ya shamba lake na kuingia la jirani, na kamera ilikuwa inamsubiri aseme neno.

Lakini kukosea ni ubinadamu. Kuna jambo baya zaidi kuliko kukosea, nalo ni mtaalamu kusema uongo akijua. Miaka ya mwanzo ya programu ile ya Marekani, wataalamu wawili wa silaha na mavazi ya vita, Russell Pritchard na George Juno, walionyeshwa wakithamini upanga wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwenye upanga alisimulia kwamba utotoni alikuwa akiutumia kukatia matikiti maji nyumbani kwao. Watazamaji walifurahi mno. Baadaye ikagundulika kwamba kisa kizima kilikuwa mchezo wa kuigiza: aliyeleta upanga alikuwa mwenzao, na hadithi ya matikiti ilikuwa imetungwa.

Kwa nini watunge? Kwa sababu sura iliyoonekana katika televisheni huaminiwa inapobisha hodi nyumbani. Watu hawa walipokwisha kupata jina, waliziendea familia zilizorithi vitu vya majenerali wa vita vile, wakawathaminia kwa bei ya chini, wakanunua, kisha wakauza kwa bei ya juu. Vitu vya Jenerali George Pickett vilinunuliwa kutoka kwa mzao wake kwa dola zisizofika 90,000, na vikauzwa kwa mji wa Harrisburg, uliokuwa ukikusanya vitu vya makumbusho, kwa dola zaidi ya 800,000. Walishtakiwa mwaka 2001. Mwaka uliofuata Pritchard akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja, na kuamriwa kuwalipa aliowadhulumu. Twaona basi kwamba mbele ya kamera walipandisha, na nyuma ya kamera walishusha. Ni mtu yule yule, mwenye miwani ile ile.

Haki inatudai tuseme pia upande wa pili. Mwaka 2001, mjini Tucson, mzee mmoja alileta blanketi la Wahindi Wekundu alilokuwa amelitupia tu nyuma ya kiti nyumbani kwake. Mtaalamu alimweleza kwamba ni kazi ya Wanavajo ya karne ya kumi na tisa, na kwamba thamani yake ni dola 350,000 hadi 500,000. Mzee yule alitokwa na machozi, na blanketi hilo leo ni mali ya makumbusho. Bila mtaalamu, pengine lingeishia kufunikia mbwa. Elimu ya watu hawa ni elimu ya kweli, na wengi wa wale wa programu ya Marekani hawalipwi mshahara kwa kazi hiyo. Hujigharimia hata nauli. Tatizo limo katika neno lenyewe, bei, ambalo televisheni hulitaja kana kwamba kitu huzaliwa nalo.

Wenyeji wa Ankole hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa urefu. Nendeni katika soko lolote la ng'ombe lililo karibu na Mbarara. Ng'ombe mmoja wa pembe ndefu, mwenye rangi ile nyekundu ya kahawia iliyokolea ambayo Wanyankole huiita bihogo, ana bei mbili siku moja katika zizi moja. Mchinjaji humtazama mgongo na mapaja, akahesabu kilo. Mfugaji humtazama pembe, rangi, mwendo, na mama aliyemzaa, akahesabu ukoo. Bei hizi hazikaribiani, na hakuna mwongo kati yao. Kinachotofautiana ni kazi ambayo kila mmoja anataka kumpa ng'ombe yule.

Ndivyo ilivyo kwa wathamini wa ng'ambo, ingawa wao wana majina mengi zaidi ya bei. Ipo bei ya bima, ambayo ni kubwa, kwa kuwa ni fedha za kukuwezesha kupata kingine mfano wake upesi kikipotea. Ipo bei ya dukani, anayoiandika mwenye duka la kifahari juu ya karatasi ndogo na kukaa akingojea hata miaka miwili. Ipo bei ya mnada, ambayo hutegemea nani ameamka vizuri siku hiyo. Na ipo bei anayokupa mchuuzi akiwa amesimama mlangoni na fedha mkononi, ambayo mara nyingi ni nusu ya ile ya mnada au pungufu. Katika duka lile la Las Vegas jambo hili huonekana wazi kwa anayetazama mpaka mwisho: mtaalamu hutaja elfu mbili, kisha mwenye duka hutoa elfu moja, maana naye ana kodi ya kulipa. Lakini pale Kakoba tuliona kwamba kelele zote hutolewa mtaalamu anapotaja bei. Wakati wa malipo watu wamekwisha kurudi kwenye chai zao.

Swali la kumuuliza mthamini yeyote, basi, ni moja: je, kwa bei hiyo utanunua wewe?

Afrika Mashariki nayo imeyaona mambo haya, na kwa vitu vikubwa kuliko mitungi. Wasomaji wanakumbuka Mei 24, 2017, Watanzania walipoketi mbele ya televisheni kuitazama kamati ya wanasayansi ikiongozwa na Profesa Abdulkarim Mruma ikikabidhi ripoti yake Ikulu, Dar es Salaam, kuhusu makontena 277 ya mchanga wa madini yaliyozuiwa bandarini. Kamati ilisema kila kontena lina wastani wa kilo 28 za dhahabu. Kampuni ya Acacia iliyokuwa na migodi ile ilikataa kata kata, ikasema hesabu hizo ni kubwa mara nyingi kuliko ukweli. Julai mwaka huo kampuni ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu yanayofikia dola bilioni 190. Mwisho wa yote, Barrick iliyokuwa kampuni mama ilikubaliana na Serikali kulipa dola milioni 300, pamoja na Serikali kupewa hisa asilimia 16 katika migodi. Hatukusudii hapa kuamua nani alipima vizuri. Tunasema tu kwamba mchanga ulikuwa ule ule, makontena yalikuwa yale yale, na wasomi walikuwa pande zote mbili.

Hapa Uganda, Juni 2022, msemaji wa Wizara ya Nishati na Madini alitangaza kwamba uchunguzi umegundua tani milioni 31 za mawe ya dhahabu, na kwamba humo zinaweza kupatikana tani 320,158 za dhahabu safi. Habari hiyo ikazunguka dunia. Ni vizuri msomaji akae na kalamu. Dhahabu yote iliyochimbwa na binadamu tangu enzi za Mafarao hadi siku ile ilikadiriwa kuwa tani laki mbili na ushei. Tena, ukigawa tarakimu hizo mbili za wizara, kila tani moja ya mawe ingetoa kama kilo kumi za dhahabu, na hali wachimbaji wa kawaida duniani hushukuru wakipata gramu chache. Wapo waliodhani kwamba kilo ziliandikwa tani mahali fulani njiani, kwani kilo 320,158 zingekuwa hesabu inayoeleweka. Vyovyote iwavyo, tulikuwapo Mbarara siku zile, na tuliwasikia watu wazima wakigawana utajiri ule kwa kila mwananchi.

Kisha yapo mawe ya Saniniu Laizer. Mchimbaji huyu mdogo wa Mirerani, kaskazini mwa Tanzania, alipata Juni 2020 mawe mawili ya tanzanaiti, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1. Serikali iliyathamini, na Serikali hiyo hiyo ikayanunua kwa shilingi bilioni 7.74 za Tanzania, hundi ikaonyeshwa hadharani. Hapa pana tofauti kubwa na visa vyote tulivyotaja. Aliyetamka bei ndiye aliyelipa. Inawezekana mnunuzi mwingine angetoa zaidi au pungufu, lakini tathmini ile haikuwa maneno ya mtu anayefunga mkoba wake na kuondoka.

Baada ya kusoma na kuuliza haya yote tulirudi kwenye kinyago.

Walega wanacho chama chao cha heshima kiitwacho Bwami, chenye ngazi nyingi, ambamo mtu hupanda kwa mafundisho, kwa tabia njema na kwa gharama kubwa ya ukoo wake. Kila ngazi ina vyombo vyake. Kinyago kidogo cha mti chenye ndevu, mfano wa kile cha mzee, huitwa lukwakongo, nacho ni cha watu wa yananio, ngazi iliyo chini ya ile ya juu kabisa, kindi. Hakivaliwi usoni kama Wazungu wengi walivyodhani. Hushikwa mkononi, hufungwa katika paji la uso au mkononi, huburutwa kwa ndevu zake, hupangwa safu pamoja na vingine, na kwa kila tendo upo usemi wa hekima unaofundishwa. Mwenyewe akifa, jamaa hukihifadhi mpaka apatikane anayestahili ngazi ile. Hayo ameyaandika kwa kirefu Daniel Biebuyck, Mbelgiji aliyeishi na Walega, katika kitabu chake cha mwaka 1973.

Utawala wa Kibelgiji ulipiga marufuku Bwami mwaka 1948. Vinyago vingi viliondoka nchini katika miaka hiyo na iliyofuata, kwa kununuliwa, kwa kunyang'anywa na kwa kutupwa na wenyewe kwa hofu, vikaingia katika makumbusho na nyumba za matajiri wa Brussels, Paris na New York. Hivyo ndivyo vinavyotajwa kwa dola maelfu katika televisheni. Na sababu ya bei hiyo, kama wauzaji wenyewe wanavyokiri, ni karatasi: jina la ofisa au mkusanyaji aliyekitoa Kongo, picha katika kitabu fulani, risiti ya mnada fulani. Vya kughushi vimejaa mno sokoni, vinapakwa moshi na udongo vionekane vya kale, hata mnunuzi hasadiki mti, husadiki karatasi. Isitoshe, tangu mapatano ya UNESCO ya mwaka 1970 kuhusu biashara haramu ya mali za utamaduni, makumbusho mengi hukataa kitu kisichoweza kuthibitisha kwamba kilitoka kwao kabla ya mwaka huo, au kwa kibali.

Msomaji atazame kilichotokea hapo. Kinyago kilichochukuliwa na ofisa Mbelgiji mwaka 1948 kina karatasi, kwa hiyo kina bei. Kinyago kilichobaki kwa mwenyewe, kikapita msituni kifuani mwa mkimbizi na kuvuka mpaka pamoja naye, hakina karatasi. Basi katika soko lile la televisheni ni takriban bure, au ni cha wizi. Mtaalamu wa kwenye simu ya kijana hakusema uongo. Alikuwa anathamini safari ya kinyago kingine.

Wala si masikini wa Afrika peke yao wanaoumizwa na mambo haya. Mwaka 2021 mume na mke wazee wa Ufaransa waliuza kinyago cha Wafang wa Gabon kwa mchuuzi wa vitu vikuukuu kwa yuro 150. Babu wa mume alikuwa gavana wa kikoloni, naye ndiye aliyekileta. Machi 2022 kinyago hicho kikanadiwa mjini Montpellier kwa yuro milioni 4.2, huku Wagaboni waliokuwa ukumbini wakipaza sauti kwamba mali hiyo ni yao. Wazee wakaenda mahakamani mjini Alès, na Desemba 2023 wakashindwa; mahakama ilisema walipaswa kujihadhari wenyewe kabla ya kuuza. Ombi la Serikali ya Gabon nalo likakataliwa.

Tulifika Nakivale siku ya Jumapili, baada ya mvua, na njia ikiwa tope tupu. Nyumba ya mzee ipo mahali unapoliona ziwa kwa mbali. Nyuma yake pana mahindi na maharagwe katika kipande cha ardhi alichogawiwa, na mbuzi wawili. Tangu mwaka 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipopunguza posho na kuwagawa wakimbizi katika makundi kwa kadiri ya shida zao, mahindi yale ndiyo yamekuwa tegemeo la nyumba. Tuliyasema yote mbele ya babu na mjukuu. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hatukulitazamia.

"Kwa hiyo mchuuzi hakuwa mwizi?"

Tulimjibu kwamba hatujui. Shilingi 150,000 huenda ndiyo bei ya kitu cha kumuuzia mtalii asiyejua. Huenda pia mchuuzi anamjua mtu mwenye kalamu ya kuandika karatasi za uongo. Na upo pia upande wa sheria: Uganda ilipitisha sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale mwaka 2023, na mtu asithubutu kusafirisha kitu cha aina hii nje ya nchi bila kuuliza.

Siku ile ile, ilipofika saa nane, mchuuzi mwenyewe alitokea kwa pikipiki. Alikuwa mtu mchangamfu, akimwita mzee "baba" kila baada ya maneno matatu. Alisema amefikiri, na sasa atatoa shilingi 400,000. Kijana alimtazama babu yake. Karo ya muhula wa kwanza haifiki mbali zaidi ya hapo.

Mzee hakukasirika. Alimwomba mchuuzi aketi, akakifunua kinyago, akakiweka juu ya mkeka. "Mwanangu," alisema kwa Kiswahili chake cha Kivu, "umenitajia bei. Mimi nitakutajia watu." Akaanza kuwataja: aliyekishika kabla yake, na aliyekuwa kabla ya huyo, na kijiji chake, na mwaka wa njaa alipofariki, na mjomba aliyekificha ndani ya mzinga wa nyuki Wabelgiji walipokuja kutafuta. Alitaja majina saba. Kijana, tuliona, alijua matatu tu kati ya hayo, na alipofika la nne aliinamisha kichwa. Kisha mzee akamwuliza mchuuzi: "Utakayemuuzia, utamtajia nani?"

Mchuuzi alicheka kidogo, akasema yeye ni mtu wa biashara, akaacha namba yake ya simu juu ya kipande cha karatasi ya sigara, akaondoka.

Babu na mjukuu walibaki wakizungumza Kilega, ambacho sisi hatukisikii. Mazungumzo yalikuwa marefu na si ya upole wakati wote. Mara mbili kijana alisimama na kutoka nje, mara mbili akarudi. Tulipoaga, mbuzi mmoja alikuwa amekwisha kufungwa kamba shingoni kwa ajili ya soko la kesho yake, na mfanyabiashara wa mahindi alikuwa ameitwa aje atazame magunia kabla hayajavunwa, jambo ambalo kila mkulima anajua bei yake huwaje. Kijana alitusindikiza mpaka kituo cha teksi. Tulimwuliza kama ile karatasi ya sigara bado anayo. Alisema ipo mfukoni. Alikuwa na daftari pia, jipya, la shilingi elfu moja, na katika ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika majina saba, la sita likiwa na alama ya kuuliza pembeni, kwa kuwa hakulisikia vizuri na alikuwa anarudi kuuliza.